Tumbo la Ijumaa na Jumapili: uchambuzi wa kisa cha mtoto wa nyumba mbili

Kisa hiki kimeundwa kwa kuunganisha mambo yanayojirudia katika ushauri nasaha wa watoto ambao wazazi wao wametengana. Si familia moja iliyofichwa majina. Alama za mtoto na hesabu za siku zake ni za mfano. Vipimo vilivyotumika na mipaka yake ni halisi.

Hali ilivyoletwa

Msichana wa miaka 11, kifungua mimba, ana mdogo wake wa kiume wa miaka 6. Wazazi wametengana kwa miezi tisa. Watoto wanakaa na mama na bibi mzaa mama, na kila baada ya wiki moja wanakwenda kwa baba kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili jioni. Baba hupiga simu mara mbili kwa wiki.

Mama alimleta kwa mambo matatu: tumbo linamuuma, alama za shule zimeshuka, na amekuwa mkimya. Maelezo yake yalikuwa mafupi: mtoto anaumwa Ijumaa kwa sababu hataki kwenda kwa baba yake. Baba naye, alipopigiwa simu, alikuwa na maelezo yake: mtoto anaumwa Jumapili kwa sababu hataki kurudi kwa mama yake. Wote wawili walikuwa sahihi kuhusu siku. Kuhusu sababu, kila mmoja alikuwa amechukua nusu ya ushahidi inayomfaa.

Hapa ndipo kesi nyingi za aina hii huharibika. Mshauri anayemsikiliza aliyemleta mtoto peke yake hujikuta amekwisha kupokea utambuzi kabla hajamwona mtoto, na vikao vinavyofuata vinakuwa vya kuthibitisha tu.

Kabla ya kikao cha kwanza na mtoto

Jambo la kwanza lilikuwa daktari. Maumivu ya tumbo yanayojirudia kwa mtoto wa umri huu yanaweza kutokana na kufunga choo, maambukizi ya njia ya mkojo, minyoo, au hedhi inayokaribia. Dalili zinazotaka uchunguzi wa haraka ni kupungua uzito, maumivu yanayomwamsha usiku, damu kwenye choo, homa, na kutapika mfululizo. Hakuna kilichopatikana. Mtoto hakuambiwa “huna kitu”. Aliambiwa kwamba tumbo linauma kweli, na kwamba tumbo la mtu mwenye wasiwasi hukaza misuli na kuuma bila ugonjwa. Ukimwambia mtoto hana kitu, utakuwa umemwambia anadanganya, na ataacha kusema.

La pili lilikuwa wazazi, kila mmoja peke yake, dakika 60, kwa maswali yaleyale na kwa mpangilio uleule. Kati ya maswali hayo ni ya ukatili: je, kumewahi kuwa na kipigo, vitisho, kufuatwafuatwa, kunyang'anywa simu au fedha? Haya hayaulizwi wazazi wakiwa chumba kimoja, kwa sababu anayeogopa hatajibu. Hapa hayakuwapo. Kulikuwa na kelele, na baadaye miezi ya kutosemeshana. Jibu lingekuwa tofauti, kesi ingechukua njia nyingine kabisa: hakuna kikao cha pamoja, makabidhiano yanafanyika mahali pa tatu mbele ya mtu mwingine, na usalama unatangulia mazungumzo yoyote ya hisia. Mtoto anayemkataa mzazi anayemwogopa kwa sababu halisi hahitaji kuzoeshwa. Anahitaji kulindwa.

La tatu, makubaliano ya ukurasa mmoja ambayo wazazi wote wawili walitia saini. Yalikuwa na mambo manne: mshauri ni wa mtoto na hataandika maoni kuhusu nani akae naye, hakuna mzazi atakayemuuliza mtoto alichosema kikaoni, taarifa ya maendeleo itakwenda kwa wote wawili siku moja kwa maneno yaleyale, na siri ya mtoto ina mipaka mitatu. Mipaka hiyo mtoto aliambiwa hivi: “Ukiniambia kuna mtu anakuumiza, au unataka kujiumiza, au kuna mtu mwingine yuko hatarini, sitakaa nalo peke yangu. Nitakwambia kwanza, halafu tutatafuta msaada.” Hilo la kwanza kati ya manne ndilo linalobishaniwa zaidi, na ndilo lisilopaswa kulegezwa. Anayemtibu mtoto na anayemshauri hakimu kuhusu malezi ni watu wawili tofauti. Mtoto akijua maneno yake yanaweza kufika mahakamani, atayachunga.

Vipimo

Lilitumika dodoso la SDQ (Strengths and Difficulties Questionnaire), la kupima hisia na tabia za mtoto, lililochapishwa na Robert Goodman mwaka 1997. Lina maswali 25 katika makundi matano, na alama za matatizo ni 0 hadi 40. Kwa fomu ya mzazi, 0–13 ni kawaida, 14–16 ni mpakani, 17 na kuendelea ni juu. Fomu ya mwalimu huhesabu kawaida hadi 11. Ya mtoto mwenyewe, inayotumika kuanzia miaka 11, huhesabu kawaida hadi 15, na mpakani ni 16–19.

Mama alitoa 18, baba 12, mwalimu 9, mtoto mwenyewe 17. Rahisi kusema mama anatia chumvi na baba anafumba macho. Lakini baba huwaona watoto siku chache kwa mwezi, na mama anajaza fomu akiwa yeye mwenyewe ameumia, hali ambayo hupandisha alama za mzazi yeyote. Mwalimu ana darasa zima. Mtoto mkimya hamsumbui. Tofauti hizi zilieleza kila mtu amesimama wapi. Kilichowaunganisha ni kundi la hisia: kwa mtoto na kwa mama lilikuwa 7 kati ya 10, na hata kwa baba, aliyekuwa chini kwingineko, lilifika 4, ambayo ndiyo alama ya mpakani.

Kilichofungua kesi, hata hivyo, ni daftari la maumivu. Kwa wiki nne mtoto aliandika saa maumivu yalipoanza, yalipokwisha, ukali wake kati ya 0 na 10, alichokula, kama alipata choo, na kilichokuwa kikiendelea kabla. Aliandika mwenyewe, wazazi hawakuruhusiwa kulisoma. Yalipatikana maumivu mara 11. Makabidhiano yote manne ya mwezi huo yalikuwamo. Simu za baba zilikuwa nane, na tano kati yake ziliandamana na tumbo. Mara mbili zilibaki nje: moja ilikuwa siku aliyoleta nyumbani barua ya shule inayodai michango, ya pili haikueleweka.

Saa ndizo zilizosema zaidi. Ijumaa tumbo lilianza baada ya shule na kuisha takriban saa moja baada ya kufika kwa baba. Jumapili lilianza wakati wa kufunga begi na kuisha saa moja baada ya kufika kwa mama. Ijumaa na Jumapili za wiki ambazo hakuna safari, hakuna maumivu. Basi haikuwa nyumba ya baba wala nyumba ya mama. Ilikuwa njia kati yake.

Mtoto alikuwa anabeba nini

Katika kikao cha pili aliombwa achore nyumba zote mbili kwenye karatasi moja na kila mtu mahali pake. Yeye alijichora barabarani na begi. Michoro haitafsiriwi kama ndoto; inaulizwa. Swali lilikuwa moja: “Ndani ya begi mna nini?” Akataja nguo, daftari la hesabu, na “maneno ya mama”.

Maneno ya mama yalikuwa haya: mwambie baba yako ada haijalipwa, mwambie kwamba mdogo wako alikohoa wiki nzima. Maneno ya baba yalikuwa: muulize mama yako kwa nini simu haipokewi, na swali jingine ambalo lilikuja kwa sauti ya kawaida wakati wa chakula, kama kuna mgeni anayekuja nyumbani. Simu nazo zilipokewa kwa sauti ya wazi, bibi akiwa pembeni, na baada ya kukata bibi alikuwa na la kusema kuhusu baba. Mtoto alijifunza kujibu “ndiyo” na “hapana” tu. Ukimya uliomtisha mama ulianzia hapo: mtoto alikuwa amegundua kwamba kila neno lake linatumika upande wa pili.

Uchambuzi wa Paul Amato na Bruce Keith wa mwaka 1991, uliounganisha tafiti 92, ulionyesha kwamba tofauti ya wastani kati ya watoto wa wazazi walioachana na wale wa wazazi walio pamoja si kubwa kama inavyodhaniwa, na kwamba watoto wanaoishi ndani ya ndoa yenye ugomvi mkali wanaweza kuwa na hali mbaya kuliko wale ambao wazazi wao wameachana. Kwa mshauri, maana yake ni ya kazi: kutengana kwenyewe kuko nje ya uwezo wako, lakini ugomvi unaompitia mtoto unaweza kuupunguza. Ndiyo maana sehemu kubwa ya tiba ya msichana huyu haikufanywa naye.

Vikao na mtoto

Vikao vilikuwa 10 vya dakika 45 ndani ya wiki 14, siku ya katikati ya wiki. Mama alipendekeza Ijumaa kwa urahisi wake. Ilikataliwa kwa sababu kikao kingekuwa sehemu ya makabidhiano.

Zoezi lililobeba uzito lilikuwa la kadi 20 zenye kazi mbalimbali, za kupangwa katika mafungu matatu: yangu, ya wakubwa, sijui. Kati ya kadi hizo: kufunga begi langu, kumkumbusha baba ada, kumfanya mama asilie, kumsaidia mdogo wangu kuvaa viatu, kuamua tukae kwa nani, kuwarudisha baba na mama pamoja, kusema ukweli nikiulizwa kuhusu mgeni. Wazo la kutenganisha matatizo ambayo mtoto anaweza kuyatatua na yale asiyoweza limo pia katika programu ya vikundi vya watoto wa wazazi walioachana iliyoanzishwa na JoAnne Pedro-Carroll mjini Rochester, New York, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mara ya kwanza msichana aliweka kadi 13 kwenye fungu lake. Kumfanya mama asilie aliiweka ya kwanza.

Kosa linaloingia kirahisi hapa ni kumnyang'anya mtoto zote. Viatu vya mdogo wake aliviona fahari, na vilibaki vyake. Fungu la “sijui” ndilo la kukaa nalo muda mrefu; huko ndiko kadi ya kuwarudisha wazazi pamoja ilikokuwa, na ilichukua vikao viwili kabla hajaihamisha. Haikusukumwa. Tumaini la kurudiana hukaa hata kwa watoto walioshuhudia ugomvi wenyewe, na kulibomoa kwa hoja humfanya mtoto alifiche tu. Aliulizwa ni nani aliyeamua kutengana, na ni nani anayeweza kuamua kinyume chake. Alijibu mwenyewe.

Kuhusu kuamua tukae kwa nani, alielezwa wazi. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ibara ya 12, unampa mtoto haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu, na maoni yake kupewa uzito kulingana na umri na ukomavu. Kusikilizwa si kuamua. Kwa mtoto aliyeambiwa na watu wazima “utachagua mwenyewe ukikua kidogo”, tofauti hiyo ni nafuu kubwa.

Kazi na wazazi

Kila mzazi alipata vikao vinne peke yake, na kukawa na kikao kimoja cha pamoja cha dakika 75 katika wiki ya nne. Ajenda ilikuwa mambo matatu yaliyoandikwa: makabidhiano, simu, fedha. Historia ya ndoa haikuruhusiwa mlangoni. Mpango uliotoka ulikuwa huu.

Makabidhiano yasizidi dakika tano na yasiwe na mazungumzo yoyote ya fedha. Ratiba ya miezi mitatu ibandikwe katika nyumba zote mbili, ili mtoto asiwe yeye anayekumbusha zamu. Mswaki, nguo za kulalia na seti ya kalamu viwe kila nyumba. Begi libebe vitu vya shule tu, kwa orodha iliyobandikwa ndani ya mfuniko. Jambo hili dogo lilirudisha sehemu ya alama zilizoshuka: mwalimu alipoangalia, kazi zilizokosekana zilikuwa nyingi za Jumatatu, na daftari la hesabu lilikuwa limebaki kwa baba.

Dakika 30 za kwanza baada ya kufika ni za kutua: hakuna swali lolote kuhusu nyumba ya pili, hata lile la upole la “mlikula nini”. Simu ni saa moja usiku, dakika 10, mtoto akiwa chumbani, sauti isiwe wazi, na baada ya kukata haulizwi. Wazazi wasemezane wao kwa wao kwa ujumbe wa maandishi, jambo moja kwa kila ujumbe, bila sentensi inayoanza na “wewe siku zote”.

Ujumbe wa mfano waliondoka nao mkononi, kwa sababu kuambiwa “andika kwa heshima” hakumsaidii mtu mwenye hasira: “Ada ya muhula inatakiwa tarehe 15. Nimelipa nusu. Naomba unijulishe hadi Jumatano utalipa lini nusu iliyobaki.”

Mahali mpango ulipokwama

Mtoto alikuwa amefundishwa sentensi ya kujitoa: “Naomba umwambie mwenyewe.” Kwa wazazi ilifanya kazi, kwani walikuwa wameelezwa mapema kwamba wataisikia na wameahidi kutoichukulia kama utovu wa adabu. Kwa bibi haikufanya kazi hata kidogo. Hakuwa ameelezwa, na mjukuu kumjibu hivyo kulileta kelele nyumbani. Hakuna mtoto anayeweza kumwekea mkubwa mpaka ambao wakubwa wenzake hawajauweka kwanza. Mama ndiye aliyezungumza na bibi, na ombi lilikuwa dogo: si kumpenda baba wa watoto, ni kutomtaja kwa ubaya wanapokuwa ndani ya nyumba.

Katika wiki ya sita mama, akiwa kwenye mabishano ya simu, alisema: “Hata mshauri ameona mtoto anakuogopa.” Mshauri hakuwa amesema hivyo. Baba akadai barua ya kupeleka kwa wakili. Kukanusha kwa mmoja tu kungemfanya mwingine aone amesalitiwa. Kwa hiyo wote wawili walitumiwa barua moja, saa moja, yenye mistari michache: mtoto hajazungumziwa hivyo, taarifa zote zitaendelea kwenda kwa wote, na barua ya mahakama haitatolewa kwa upande wowote kwa mujibu wa makubaliano yaliyosainiwa. Baba alikasirika wiki mbili, kisha akarudi. Bila ule ukurasa wa mwanzo, kesi ingefia hapo.

Tatizo la tatu lilionekana baya na halikuwa. Kuanzia wiki ya nane msichana alianza kukasirika: alimjibu mama kwa ukali, akakataa kumbeba mdogo wake, akamwambia baba kwamba alivunja ahadi. Mama aliomba vikao visimame kwa kuwa “vinamharibu”. Mtoto aliyekuwa akiwalinda wote wawili kwa kunyamaza huwa na hasira nyingi za akiba, na huzitoa pale tu anapoamini hazitambomoa mtu. Wazazi waliambiwa wazuie matusi na kipigo, si hasira. Jibu lililopendekezwa lilikuwa: “Nimekusikia. Una haki ya kukasirika. Tutaongea baada ya chakula.” Na kweli kuongea baada ya chakula.

Mdogo wake

Hakuletwa, lakini wazazi waliulizwa habari zake. Alikuwa ameanza tena kukojoa kitandani. Mtoto wa miaka 6 hachukuliwi kama dada yake: hofu yake kubwa ni kwamba baba akiondoka, mama naye anaweza kuondoka, na mara nyingi anaamini kuna kitu alichofanya kilichosababisha. Hakuhitaji vikao. Alihitaji kuambiwa na wazazi wote wawili, kwa maneno yaleyale na zaidi ya mara moja, kwamba hakusababisha yeye, na kuonyeshwa kwenye kalenda ya rangi ni lini yuko wapi.

Matokeo na ufuatiliaji

Wiki nne za mwisho daftari lilikuwa na maumivu mara tatu badala ya 11. Kadi zilizobaki kwenye fungu la “yangu” zilikuwa sita. Kwa SDQ ilitumika fomu ya ufuatiliaji, inayouliza mwezi uliopita pekee badala ya miezi sita, kwa kuwa fomu ya kwanza ingehesabu tena miezi ya mwanzo. Mama alitoa 13, baba 11, mtoto 12. Shuleni, alama za somo la hesabu bado zilikuwa chini ya alizokuwa akipata mwaka uliotangulia, na wazazi bado hawakuwa wakisalimiana kwa uchangamfu. Hilo la pili halikuwa lengo.

Miezi mitatu baadaye tumbo lilirudi, Jumapili mbili mfululizo. Mtoto alikuwa amemwona rafiki wa kike wa baba, na hakuna aliyemwambia afiche. Aliamua mwenyewe kuficha. Baba alishauriwa amjulishe mama kwanza, kwa ujumbe wake mwenyewe wa sentensi mbili, kabla ya Ijumaa inayofuata, kisha mtoto aambiwe mbele ya baba kwamba mama anajua. Kukutana rasmi na rafiki huyo kulipangwa kuwe kwa saa moja au mbili, mchana wa Jumamosi, mbali na saa za makabidhiano, na watoto wasitakiwe kumwita “mama”. Daftari la maumivu lilifunguliwa tena kwa wiki nne.